Nyama ya Idi ya kuchinja: Mkristo aile au asiile?

Bint Kisauni

Salamu kwenu nyote. Idi ya Mfunguo Tatu inakaribia, na ubishi wa kila mwaka umeanza tena kwenye kikundi chetu cha kujifunza Biblia. Huku Kisauni majirani Waislamu hugawa nyama mbichi nyumba kwa nyumba, wala hawauruki mlango wa Mkristo. Baadhi yetu huipika na kuila. Wengine huipokea kwa adabu kisha humpa mtu mwingine. Wapo pia wasiotaka hata iingie jikoni, na hoja yao ni 1 Wakorintho 10:28: mtu akiwaambia kitu hiki kimetolewa sadaka, msile.

Naomba mwenye elimu anijibu haya. Je, nyama hiyo imo katika hukumu ya vitu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu? Kama imo, mbona tunanunua nyama ya bucha, ambayo hapa Mombasa karibu yote imechinjwa na Mwislamu kwa Bismillahi? Na chakula cha akika (anachochinjiwa mtoto mchanga), cha hitma (kisomo cha kumwombea marehemu) au cha nadhiri, hukumu yake ni moja?

Kama yupo Mwislamu humu, tafadhali atueleze hasa kinachofanyika na kinachosemwa, tusije tukahukumu tusichokijua.

Msomaji wa Nyaraka

Dada, ukiichomoa 10:28 ukaisoma peke yake utakwama. Sura ya 8 hadi ya 10 ni jibu moja refu. Paulo aliliandika akiwa Efeso (16:8), mnamo mwaka 54 au 55, kwa Wakristo wa mji ambao karamu na ibada ya miungu vilikaa nyumba moja. Katika hekalu la Asklepio, mungu wa uponyaji wa Wayunani, lililochimbuliwa Korintho kuna vyumba 3 vya kulia, kila kimoja na nafasi ya vitanda 11 vya wageni. Mkristo aliyealikwa karamuni huko alikuwa akila chini ya paa la mungu yule.

Ndani ya jibu hilo mna meza 3, na hukumu zake hazilingani.

Ya kwanza iko hekaluni kwenyewe (8:10 na 10:14-22). Hiyo imekatazwa bila kubakisha kitu. Angalia sababu: kosa haliko kwenye nyama, kwa kuwa sanamu si kitu (8:4) na chakula hakitusogezi kwa Mungu (8:8). Kosa ni ushirika. Anayeketi pale amejiunga na ibada inayoendelea, na Paulo anasema wazi kwamba sadaka zile hutolewa kwa mashetani (10:20).

Ya pili ni sokoni. Kila kiuzwacho huko kuleni, "bila kuuliza-uliza" (10:25). Nyama iliyotoka hekaluni asubuhi, ikifika sokoni jioni, Mkristo ana ruhusa ya kuinunua na kuipika kwake, kwa sababu dunia ni mali ya Bwana (10:26, kutoka Zaburi 24:1).

Ya tatu ni nyumbani kwa asiyeamini (10:27-29). Ukialikwa, kula kinachowekwa mbele yako. Ila mtu akikutangazia kwamba hiki kimetolewa sadaka, kiache, na Paulo anafafanua kwamba dhamiri anayoizungumzia si yako, ni ya yule mwingine.

Wengi wetu hulichukua katazo la meza ya kwanza tukalipandisha juu ya ya tatu, na ubishi wenu wote unatokea hapo.

Sasa nyama ya Idi. Ili iingie katika hukumu ya 10:20 lazima pawepo sanamu, na Mwislamu hana sanamu anayoichinjia. Tena Qurani 5:3 inamharamishia mzoga, damu, nguruwe, kilichochinjwa kwa jina lisilo la Mwenyezi Mungu, mnyama aliyenyongwa, na kilichochinjwa kwenye mawe ya kuabudiwa. Weka aya hiyo kando ya Matendo 15:29, ambapo Wakristo wa mataifa waliambiwa wajiepushe na sadaka za sanamu, damu, vilivyosongolewa na uasherati. Katika mambo 3 ya chakula, jirani yako amefungwa na katazo lile lile walilopewa ndugu wa Antiokia.

Sisemi kwamba imani zetu ni moja. Uislamu unakana kwamba Yesu alisulubiwa (Qurani 4:157), na kwetu bila msalaba hakuna Injili. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na anayempenda jirani yake asiifiche. Lakini haimgeuzi mbuzi wa jirani kuwa sadaka ya sanamu. Anayetaka kuikataa nyama hiyo atafute hoja nyingine, asimbebeshe Paulo.

Ustadh wa Mji wa Kale

Salamu. Nitaeleza kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu. Madhehebu mengine yana tofauti ndogondogo.

Udh-hiya, yaani mnyama anayechinjwa kwa ibada ya Idi hii, ni sunna iliyotiliwa mkazo kwa mwenye uwezo. Ngamia awe ametimiza miaka 5, ng'ombe miaka 2, mbuzi miaka 2, kondoo mwaka 1. Mbuzi au kondoo ni wa mtu mmoja na watu wa nyumba yake. Ng'ombe au ngamia waweza kushirikiana watu 7, wasizidi. Mnyama mwenye chongo la wazi, mgonjwa wa wazi, anayechechemea wazi au aliyekonda hata mifupa haina uboho hafai. Wengi huharibikiwa hapa, kwa sababu wiki ya Idi bei hupanda na mtu hununua kibeberu cha mwaka mmoja akidhani kinatosha kwa kuwa ni kinene. Meno ya mbele ya chini ndiyo ya kuangaliwa, si tumbo.

Wakati unaanza tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, jua likishachomoza na kupita kadiri ya sala ya Idi na hotuba zake, hadi magharibi ya tarehe 13. Aliyechinja kabla ya sala amepata nyama tu, si udh-hiya.

Mnyama huelekezwa Kibla, hulazwa kwa ubavu wa kushoto, kisu kiwe kikali na asionyeshwe kikinolewa. Hukatwa koromeo na umio, yote mawili kabisa, na ni bora mishipa miwili ya shingo ikatwe pamoja nayo. Husemwa "Bismillahi, Allahu Akbar", na mwenye mnyama huomba apokelewe, akisema kwamba mnyama huyu ametoka kwa Mungu na ni wa Mungu. Ni ibada, sitaficha hilo, na nia ndiyo inayoitenganisha na uchinjaji wa bucha. Lakini hakuna kinachochomwa, hakuna damu inayopakwa popote, hakuna madhabahu. Qurani 22:37 inasema nyama zake na damu zake hazimfikii Mwenyezi Mungu, kinachomfikia ni uchamungu wenu.

Mchinjaji halipwi kwa nyama wala ngozi. Ujira wake hutolewa kando. Ngozi haiuzwi. Sehemu lazima imfikie maskini ikiwa mbichi, na wengi hugawa mafungu 3: la nyumbani, la jamaa na majirani, la maskini.

Kumpa asiye Mwislamu, wanachuoni wetu wametofautiana. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Shafii, aliona kwamba katika udh-hiya ya sunna inajuzu, katika ya wajibu haijuzu. Basi nyama ya nadhiri, ambayo mtu amejiwajibisha mwenyewe, haipaswi kukufikia dada. Hata aliyeweka nadhiri haili, ni ya maskini. Akika huchinjwa siku ya 7 ya mtoto, mbuzi 2 kwa mvulana na 1 kwa msichana, sifa za mnyama ni zile zile, na sunna ni igawiwe ikiwa imepikwa. Chakula cha hitma hakichinjiwi maiti: ni mnyama wa kawaida, watu wanasoma Qurani, wanaomba dua, wanakula. (Kuna Waislamu wanaoipinga hitma yenyewe, lakini huo ni mjadala wetu wa ndani.)

Kinachochinjwa kwa ajili ya pepo, mzimu au kaburi ni mlango mwingine kabisa. Hicho hata kwetu ni haramu kuliwa, aliyekichinja awe anasali au hasali.

Mzee wa Changamwe

Nimewasoma wote wawili kwa makini. Ahsante ustadh kwa kusema ukweli bila kuzunguka: ni ibada. Na hapo ndipo ndugu Msomaji alipopita haraka.

Katika 10:18 Paulo anasema waangalieni Waisraeli: wale wazilao dhabihu wana shirika na madhabahu. Pale hakuna sanamu. Anaizungumzia dhabihu halali ya hekalu la Yerusalemu, na bado anasema kula ni kushiriki. Kwa hiyo hoja ya "hakuna sanamu" haimalizi kazi. Swali ni hili: nikila nyama iliyochinjwa kwa nia ya ibada nisiyoiamini, nimeshiriki ibada hiyo au sijashiriki?

Pili, bucha na Idi si kitu kimoja. Kwa muuza nyama, Bismillahi ni utaratibu wa kuchinja. Kwa Idi mnyama amenuiwa na kuombewa apokelewe. Anayesema "ukikataa ya Idi kataa na ya bucha" anachanganya mambo mawili ambayo ustadh mwenyewe ameyatenganisha.

Tatu, na hili linanigusa kuliko yote, sura ya 8:7-13. Makanisani kwetu wamo waliotoka Uislamu. Mtu kama huyo amekula nyama hiyo miaka yake yote kama ibada, na ndugu zake bado wanamwita arudi. Akimwona shemasi ameketi uani kwa jirani anakula pilau la Idi, moyo wake utasema nini? Paulo yuko tayari asile nyama milele kuliko kumkwaza mtu huyo mmoja (8:13).

Simhukumu anayekula. Naomba tu msiharakishe kumwambia kila mtu kwamba hakuna shida.

Msomaji wa Nyaraka

Mzee wangu, 10:18 ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wako, na inastahili jibu kamili.

Tazama dhabihu ambayo Mwisraeli aliila ilikuwaje. Sadaka ya kuteketezwa (Walawi 1) haikuliwa na mtu: mnyama alichunwa, akakatwa vipande, matumbo na miguu vikaoshwa, vyote vikateketezwa, na ngozi tu ikabaki kwa kuhani (7:8). Iliyoliwa na mwenye kuitoa ilikuwa sadaka ya amani. Damu yake ilinyunyizwa kandokando ya madhabahu. Mafuta ya matumbo, figo 2 na kitambi cha ini vilichomwa juu ya madhabahu (3:2-5). Kidari kilikuwa cha Haruni na wanawe, paja la kulia la kuhani aliyehudumu (7:31-34). Kilichobaki ndicho alichokula mwenyewe, na kwa masharti: ya shukrani iliishia siku ile ile, ya nadhiri au hiari siku ya pili, na ya siku ya tatu ikachomwa moto (7:15-18). Aliyekuwa na unajisi akila, alikatiliwa mbali na watu wake (7:20).

Ndiyo maana Paulo anasema "shirika na madhabahu". Mnyama mmoja aligawanywa kati ya moto wa Mungu, kuhani na mlaji. Waliokula walikula fungu lililobaki la kitu ambacho fungu lake jingine lilikuwa juu ya madhabahu saa ile. Udh-hiya, kwa maelezo ya ustadh, haina mgawanyo huo. Hakuna fungu la Mungu linaloteketezwa, hakuna kuhani, wala mlaji haulizwi usafi wake wala imani yake. Ibada inakamilika kwenye kuchinja na kutoa. Kula kwa jirani hakuongezi wala hakupunguzi kitu. Ukipokea nyama hiyo umepokea zawadi ya mtu aliyemaliza ibada yake. Hujaingia ndani yake.

Kwa hiyo bado naona nyama iliyoletwa mlangoni iko meza ya tatu, 10:27.

Katika mawili mengine nakubaliana nawe. Ni kweli ya Idi si sawa na ya bucha, na hoja ya bucha isitumike kama rungu. Na kuhusu aliyetoka Uislamu, hapo 8:13 inatawala. Kwa utaratibu ningefanya hivi: nyama mbichi iliyoletwa ipikwe nyumbani kwako, uile na watu wa kwako. Usiipeleke kwenye ushirika wa nyumbani ambako mtu huyo atakuwepo. Ukialikwa kuketi kwa jirani siku ya Idi, nenda ukampongeze, kula, na shukuru kwa sala yako mwenyewe kimoyomoyo (10:30 inazungumzia hasa kula kwa shukrani). Lakini mtu akikuambia mbele za watu, "Kula, uonyeshe kwamba uko pamoja nasi katika dini hii," basi hiyo sasa ni 10:28. Weka kijiko chini na useme sababu kwa upole.

Na kama dhamiri yako wewe mwenyewe inasita, usile. Warumi 14:23 (mwenye shaka akila, amehukumiwa) haina njia ya mkato.

Ustadh wa Mji wa Kale

Nyongeza moja kwa ndugu Msomaji, maana nimevutiwa na ile siku ya tatu ya Walawi. Mtume, rehema na amani zimshukie, mwaka mmoja alikataza nyama ya udh-hiya isibaki nyumbani zaidi ya siku 3. Sababu ilikuwa maskini waliofika Madina wakiwa na njaa, ikihifadhiwa, hawatapata. Mwaka uliofuata akaruhusu kula, kulisha na kuweka akiba. Kwetu muda ule ulihusu wenye njaa, si utakatifu wa nyama. Hilo linaunga mkono alichosema kuhusu madhabahu.

Kuhusu ndugu zetu kudhani kwamba damu ile inaondoa dhambi kama ilivyo katika Walawi 17:11: hatuna itikadi hiyo. Ni kumshukuru Mungu na kuukumbuka utiifu wa Nabii Ibrahim na mwanawe. (Sura ya 37 ya Qurani haimtaji mwana kwa jina. Kati ya wafasiri wake, At-Tabari aliona ni Is-haka, Ibn Kathir akasema ni Ismail, na huo ndio msimamo wa wengi leo. Mwanzo 22:2 inamtaja Isaka wazi.)

Bint Kisauni

Mungu awabariki. Mzee wa Changamwe, hoja ya waliotoka Uislamu hatukuwahi kuifikiria kikundini, na tunao wawili. Nitaipeleka Jumatano.

Bado moja. Sahani ya jirani hairudi tupu, na Krismasi tunataka kuwapelekea chakula watakachokula kwa raha, si cha kupokea kwa tabasamu kisha wampe paka. Tufanyeje?

Mpishi wa Shughuli, Kongowea

Hili ni langu. Njia rahisi ni kisichokuwa na nyama: matunda, mahamri, mbaazi za nazi, samaki. Samaki hana sharti la kuchinjwa. Keki iwe bila mvinyo wala ramu, na siagi ya kupikia isiwe na mafuta ya nguruwe. Soma karatasi ya peremende na vitu vya kutetemeka, maana jelatini nyingine hutokana na nguruwe.

Mkitaka kupeleka nyama, mwiteni Mwislamu achinje, na mwiteni mapema, mnyama akiwa mzima na amesimama. Kinachoharibu shughuli nyingi ni kumwita mchinjaji baada ya mbuzi kupigwa au kuanguka. Kuku asitiwe maji ya moto kabla hajatulia kabisa. Akishachinja, nyama yake isichanganywe na nyingine kwenye beseni, na kisu cha kukatia kiwe chake.

Masufuria ndiyo yanayosahauliwa. Ustadh atanisahihisha, lakini kwa Shafii chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara 7, moja kwa mchanga. Kwa hiyo kama jikoni kwenu nguruwe hupikwa, kodisheni masufuria, miko na sinia, msijaribu kusafisha usiku wa mkesha. Na mwambieni jirani waziwazi: nani alichinja, wapi, na kimepikwa kwa sufuria gani. Asipoambiwa hatauliza, ataona haya, na hatakula.

Ustadh wa Mji wa Kale

Ni hivyo hivyo, mara 7 na moja kwa mchanga. Niongeze kwa nini haitoshi kusema "Qurani 5:5 imehalalisha chakula cha Watu wa Kitabu," yaani Wayahudi na Wakristo. Aya ipo na ni kweli. Lakini Shafii wameweka sharti: kwa asiyekuwa wa ukoo wa Israili, ijulikane kwamba wazee wake waliingia dini hiyo kabla ya kuja Uislamu. Ndiyo maana Mwislamu wa hapa pwani husita kula alichochinja Mkristo wa hapa hapa, ingawa wanachuoni wa madhehebu mengine hawana sharti hilo. Dada, jirani akisita asidhaniwe anamdharau mtu. Mchinjaji akiwa Mwislamu, suala lote linaondoka.

Mzee wa Changamwe

Bint Kisauni, kwa wale wawili wa kikundini: zungumza nao faragha kabla ya Jumatano, mmoja mmoja, uwaulize wenyewe kama watakwazika. Usiwafanye mfano mbele ya watu.